Maduka yajengwe penye karakana kando ya uwanja? Jibu kwa mjumbe wa kamati ya wakazi

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya wakazi. Mtaani kwetu kuna uwanja mkubwa wa mpira wa jiji, na nyuma yake kuna eneo la viwanda vidogo, karakana na maghala. Baadhi yanafanya kazi, mengine yamefungwa. Kampuni moja imeomba kibali cha kubadilisha matumizi ya eneo zima ili ijenge jumba la maduka lenye supamaketi, sinema na maegesho. Wanasema mashabiki wa uwanjani ni wateja wa uhakika, na ajira zitakuwa nyingi kuliko za sasa. Kamati imegawanyika: vijana wanautaka mradi, wenye karakana hawautaki, nami nimetakiwa kuzungumza kwenye kikao cha halmashauri. Nianzie wapi, na ungekuwa wewe ungesimama upande gani?

Jibu: Ndugu mjumbe, nianze na lile la mwisho. Ningepinga ombi kama lilivyoletwa, kwa sababu linataka eneo zima ligeuzwe kwa mkupuo mmoja. Ningekubali maduka kwenye ukanda wa mbele, ule unaotazamana na uwanja na ulio karibu na usafiri wa umma, na ningetaka karakana zinazofanya kazi zibaki zikilindwa kwa maandishi. Sasa nikueleze msimamo huu umetoka wapi, maana kikaoni utaulizwa na watu waliojiandaa.

Hoja nzima ya kampuni imeegemea uwanja, basi tuanzie hapo. Mchoro wa mwekezaji siku zote unaonyesha siku ambayo uwanja umejaa. Lakini duka linalipa pango kila siku ya mwaka. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza inacheza mechi 19 za ligi nyumbani kwa msimu. Ongeza mechi za vikombe na matamasha machache ya muziki, kwa kawaida hufiki siku 40. Timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ina mechi 8 au 9 tu za nyumbani katika msimu wa kawaida. Besiboli ndiyo yenye nyingi, mechi 81 za nyumbani kwa kila timu ya ligi kuu ya Marekani, na hata hapo zaidi ya robo tatu ya mwaka uwanja uko kimya. Uliza uwanja wenu unafunguliwa kwa watu siku ngapi kwa mwaka, na kwa saa ngapi kila siku hiyo. Wataalamu wa kampuni wanayo takwimu hiyo. Ikiwa haimo kwenye ripoti yao, madiwani wajue kwamba haimo.

Halafu mfuatilie shabiki mmoja siku ya mechi. Anashuka kwenye treni au basi muda mfupi kabla ya mpira kuanza, amevaa jezi, mfukoni ana simu yenye tiketi. Viwanja vingi vikubwa siku hizi haviruhusu begi lililozidi ukubwa wa karatasi ya A4, kwa hiyo hawezi kupita dukani akanunua viatu, mapazia au vitu vya nyumbani kisha aingie navyo jukwaani. Atanunua kinywaji na kitu cha kutafuna. Mpira ukiisha barabara zimefungwa, foleni ya kituoni ni ndefu, naye anawaza kufika nyumbani. Wakati huohuo, mama mwenye gari na watoto wawili, ambaye ndiye mteja halisi wa supamaketi, ameshaangalia ratiba ya mechi ili siku hiyo asikanyage huko. Jumamosi mchana ni saa ya mechi na pia ni saa ya manunuzi, na barabara ni ileile moja. Migahawa na baa hunufaika siku za mechi, hilo ni kweli na usilikatae. Duka la samani halinufaiki.

Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Roger Noll na Andrew Zimbalist, waliohariri mkusanyiko mkubwa wa tafiti kuhusu viwanja vya Marekani mwaka 1997, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha inayotumika uwanjani ingetumika kwenye burudani nyingine mjini humohumo. Fedha imehama mfuko, haijazaliwa upya. Kumbuka kanuni hiyo tutakapofika kwenye ajira, maana maduka nayo yana tabia hiyohiyo.

Kuna mji mmoja wenye vitu vyote vitatu mnavyobishania, yaani viwanda, maduka na uwanja, na ningependa kamati yenu iuelewe vizuri. Ni Sheffield, Uingereza, kwenye bonde la mto Don lililokuwa kitovu cha chuma. Kiwanda cha Hadfields kilifungwa mwaka 1983, na kwenye kiwanja chake likajengwa jumba la maduka la Meadowhall, lililofunguliwa Septemba 1990. Mwaka huohuo, kwenye bonde lilelile, palipokuwa na kiwanda kingine cha chuma, ulikamilika uwanja wa Don Valley wenye viti 25,000, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Duniani ya 1991. Uwanja ule ukawa mzigo kwa halmashauri. Mwaka 2013 ulifungwa, kisha ukabomolewa. Meadowhall haikutikisika hata kidogo, kwa sababu haikuwahi kuutegemea. Kinachoilisha ni barabara kuu ya M1 inayopita mlangoni, kituo cha treni na tramu, na maegesho ya bure ya maelfu ya magari.

Wateja hao walitoka wapi? Wengi walikuwa wakinunua katikati ya jiji la Sheffield na katika miji ya jirani. Katikati ya jiji ikanyong'onyea, na halmashauri ikatumia miongo kadhaa na fedha nyingi kujaribu kuihuisha. Kwa hiyo jumba la maduka linaweza kufanikiwa kabisa, mwenye nalo akapata faida, na bado jiji kwa ujumla likabaki palepale au likarudi nyuma. Ukiweza kulisema hilo kikaoni kwa sauti ya upole, utakuwa umebadilisha mjadala. Madiwani wengi hufikiri swali ni kama mradi utafanikiwa. Wanapaswa kuuliza utafanikiwa kwa gharama ya nani.

Watakutajia Stratford, mashariki mwa London. Jumba la Westfield lilifunguliwa Septemba 2011 karibu na uwanja wa Olimpiki ya 2012, na limejaa watu hadi leo. Ni mradi uliofaulu. Lakini mpango wa maduka yale ulikuwepo kabla London haijapewa Olimpiki mwaka 2005, na yamejengwa kwenye ardhi ya zamani ya reli, ubavuni mwa kituo kinachokutanisha njia nyingi za treni kuliko vituo vingi vya jiji lile. Treni ndiyo inayoleta wateja. Kama nyuma ya uwanja wenu hakuna kituo cha namna hiyo, mfano wa Stratford haukuhusuni.

Sasa ajira. Kampuni itataja idadi kubwa ya kazi mpya. Usibishane na idadi yenyewe, ihoji. Ni kazi za kutwa au za saa chache kwa wiki? Zimehesabiwa pamoja na za ujenzi, ambazo zinaisha siku mafundi wanapoondoka? Na je, wamezipunguza kwenye hesabu zile zitakazopotea kwenye karakana zitakazobomolewa na kwenye maduka ya zamani yatakayokosa wateja? Watu wa mtaani hawatakuwa na fedha zaidi mfukoni kwa sababu jumba jipya limefunguliwa. Watanunua vitu vilevile mahali pengine. Uingereza, iliyoumia kwa maduka ya pembezoni tangu miaka ya 1980, ilijifunza kuweka kanuni mbili. Kwanza, mwombaji aonyeshe kwamba hakuna kiwanja kinachofaa katikati ya mji au pembeni yake kabla ya kwenda nje. Pili, mradi wa nje unaozidi kiwango fulani, kwa kawaida mita za mraba 2,500, ulete tathmini ya athari zake kwa maduka yaliyopo. Hata kama sheria ya kwenu haina kanuni hizo, hakuna kinachomzuia diwani kuomba tathmini ileile. Ni maswali ya busara popote.

Hapa tumefika kwenye kiini, nacho ni ardhi. Nakuomba utulie nami kidogo, kwa sababu ndipo mijadala mingi ya aina hii inapopotelea.

Kiwanja chenye kibali cha maduka kina bei kubwa kuliko kiwanja hichohicho kikiwa cha karakana, na tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa mno. Kwa hiyo mwenye ardhi hahitaji kujenga chochote ili apate faida. Kura ya halmashauri peke yake inatosha. Ndiyo maana napenda kuwaambia wakazi wasijadili ule mchoro wa rangi wenye miti na familia zinazotabasamu. Mchoro si ahadi. Kinachopigiwa kura ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na mabadiliko hayo yanabaki hata kampuni ikiuza kiwanja kesho yake kwa mtu mwingine mwenye mipango mingine.

Na ardhi ya viwanda ikishaondoka hairudi. Hakuna mwenye karakana ya kuchomelea atakayeweza kushindana kwa bei na duka la nguo, na hakuna halmashauri itakayobomoa sinema ili ijenge ghala. Ndiyo tofauti kubwa kati ya makosa mawili mnayoweza kuyafanya. Mkikataa leo na ikaonekana mlikosea, ombi linaweza kuletwa tena baada ya miaka mitano. Mkikubali leo na ikaonekana mlikosea, hamna pa kurudi.

Umesema mengine yamefungwa. Chunguza hapo kwa makini, kwa sababu kufungwa kwaweza kuwa dalili ya mambo mawili tofauti kabisa. Huenda kweli hakuna anayehitaji nafasi ile. Lakini huenda mwenye jengo aliposikia fununu za maduka aliacha kuongeza mikataba. Mpangaji aliyekuwa na miaka mitano anapewa miezi mitatu mitatu. Paa likivuja halizibwi. Mtu makini mwenye mashine nzito hawezi kuziweka mahali asipojua kama atakuwepo mwakani, anahama, jengo linabaki tupu, na utupu huo unaletwa kikaoni kama ushahidi kwamba viwanda vimekufa. Kwa hiyo ulizeni: kila jengo tupu limekuwa tupu tangu lini? Lilitangazwa wapi, kwa bei gani, kwa mkataba wa muda gani? Jengo lisilotangazwa kwa bei ya karakana halijathibitisha lolote.

Kisha piteni wenyewe, mlango kwa mlango, asubuhi mapema kabla malori hayajatoka. Maeneo ya namna hii yana sura mbaya kwa nje na kazi nyingi kwa ndani. Nyuma ya mlango wa bati uliopigwa rangi nusu utamkuta fundi anayechonga vipuri vya lifti ambavyo havitengenezwi tena kiwandani. Pembeni yake kuna dobi kubwa anayefua mashuka ya hospitali usiku ili yarudi wodini alfajiri. Kuna wanaotengeneza majukwaa na taa za matamasha ya uwanja huohuo, kuna wanaochapa vibao, kuna anayerudisha umbo la magari ya wagonjwa yaliyogongwa. Hawa wako pale kwa sababu wateja wao wako karibu. Ukimsukuma dobi yule kilomita 30 nje ya jiji, hospitali ndiyo itakayolipa mafuta na muda. Andikeni kila mmoja: anafanya nini, ana wafanyakazi wangapi, anamhudumia nani, na ana mkataba hadi lini. Daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote utakayotoa.

Huduma nyingine za jiji hazionekani mpaka ziguswe. Klabu ya Arsenal ilipojenga uwanja wake wa Ashburton Grove, uliofunguliwa mwaka 2006, ardhi ile ilikuwa na biashara ndogondogo pamoja na kituo cha kukusanyia taka cha sehemu ile ya London. Taka haziwezi kuambiwa zisubiri, kwa hiyo kituo kingine kilijengwa kwanza, Hornsey Street, ndipo cha zamani kikaondolewa. Kwa Olimpiki ya 2012, biashara zaidi ya 200 zililazimika kuhama bonde la mto Lea, mashariki mwa London. Manchester United nayo ilipotangaza Machi 2025 mpango wa uwanja wa watu 100,000 kando ya Old Trafford, moja ya mambo mazito mezani likawa kituo cha mizigo cha reli kilicho nyuma ya uwanja, pembezoni mwa Trafford Park, eneo la kwanza duniani kupangwa mahususi kwa viwanda, tangu 1896. Mizigo ile nayo lazima ishukie mahali fulani.

Kuna miji iliyokataa. Seattle, Marekani, ina eneo la viwanda liitwalo SoDo lililo kati ya bandari na viwanja viwili vikubwa, cha besiboli cha 1999 na cha mpira wa Kimarekani cha 2002. Mwekezaji alipotaka kuongeza ukumbi wa michezo, ilibidi jiji limwachie kipande cha barabara ya Occidental. Bandari ilipinga kwa hofu ya malori kukwama na ardhi ya viwanda kuendelea kumegwa. Tarehe 2 Mei 2016 madiwani walipiga kura 5 kwa 4, barabara haikuachiwa. Jiji halikukosa ukumbi. Ule wa zamani ulio Seattle Center ulijengwa upya na kufunguliwa 2021, mahali ambapo hakuna lori la makontena linalohitaji kupita. Huo ni uamuzi ninaouheshimu, na kura moja tu ndiyo iliyoamua, kwa hiyo usidhani sauti yako ni ndogo.

Chicago inafundisha jambo jingine. Tangu 1988 jiji lile lilikuwa na maeneo ya viwanda yaliyolindwa kisheria, ambamo maduka na nyumba haviruhusiwi. Mwaka 2017 likalegeza ulinzi huo kando ya tawi la kaskazini la mto. Kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha chuma cha Finkl ukapangwa mradi mkubwa uitwao Lincoln Yards, ambao mwanzoni ulikuwa na uwanja wa mpira wa watu 20,000. Uwanja ukaondolewa kwenye mpango Januari 2019 baada ya wakazi na diwani wao kuupinga, halmashauri ikapitisha sehemu iliyobaki mwaka huohuo, na miaka kadhaa baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa bado tupu. Viwanda vimeondoka, maduka hayajaja. Hicho ndicho ninachokiogopa kwenu kuliko hata maduka yenyewe. Hata hivyo Chicago ilifanya jambo moja zuri la kuigwa: anayegeuza ardhi ya viwanda analipa ada inayokwenda kuimarisha maeneo mengine ya viwanda yaliyobaki.

Usiwapuuze vijana wenu, tafadhali. Nimeona mikutano ambako wazee huwaambia vijana kwamba hawajui wanachokitaka, na hapo kamati huvunjika. Wanataka mahali penye mwanga pa kwenda jioni, kazi isiyohitaji cheti cha ufundi wasichonacho, na mtaa usiotisha baada ya saa moja usiku. Yote hayo ni halali, na eneo la viwanda lenye kuta ndefu na taa zilizovunjika limewanyima kwa miaka. Ndiyo maana nimependekeza ukanda wa mbele. Ukuta unaotazamana na uwanja ukifunguliwa, ukawa na migahawa, maduka madogo na mlango wa sinema, utawapa vijana wanachokitafuta bila kung'oa karakana za nyuma. Wenye karakana nao wakitakiwa kuchukua vijana wa mtaa kujifunza ufundi, kwa makubaliano yaliyoandikwa, kamati yenu inaweza kuingia kikaoni ikiwa moja. Ningeanza kulifanyia kazi hilo wiki hii.

Watauliza kama maduka na karakana vinaweza kukaa pamoja. Vinaweza, ila mpaka kati yao upangwe na mtu anayejua malori. Lori la trela la Ulaya lina urefu wa hadi mita 16.5, na linapogeuka kuingia lango la ghala hufagia upana wa barabara nzima. Lipitishe mahali familia inapovuka kutoka maegesho kwenda sinema, na siku moja litamgonga mtu. Kinachofuata karibu kila mahali ni kilekile: maduka yakishazoeleka, wapangaji wake wanalalamikia kelele, vumbi na malori, halmashauri inazuia malori mchana, na karakana zilizokuwepo miaka 40 kabla yao zinakufa kwa saa za kazi kufupishwa. Dawa yake ipo. Jimbo la Victoria, Australia, liliweka mwaka 2014 kanuni ya kulinda kumbi za muziki, kwamba anayekuja baadaye ndiye anayebeba gharama ya kujikinga na kelele zilizokuwepo. Uingereza ikaiingiza kwenye sera yake ya mipango mwaka 2018, ikizitaja na biashara zilizotangulia. Ombeni sharti hilohilo kwenye kibali chenu, na njia ya malori itenganishwe kabisa na njia ya waendao kwa miguu.

Kuhusu maegesho, fanya hesabu mbele yao. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kupitia, linachukua mita za mraba 25 hadi 30. Magari 1,000 ni hekta mbili na nusu hadi tatu za lami. Linganisha na eneo ambalo karakana zote zinazofanya kazi zimekalia sasa. Mara nyingi utakuta kinachozing'oa karakana ni lami ya maegesho, wala si maduka. Na maegesho ya uwanja yakitumika na maduka siku zisizo za mechi, hoja ya kuhitaji eneo zima inapungua sana.

Udongo nao usiusahau, ingawa nitaupitia haraka. Penye mafuta, rangi, betri na vyuma kwa miaka mingi pana sumu ardhini, na majengo ya zamani huwa na asibesto. Inawezekana kusafisha. Uwanja wa Manchester City umejengwa mahali palipokuwa na mgodi wa makaa wa Bradford, uliofungwa 1968. Lakini ni gharama, na lazima ijulikane mapema ni ya nani. Kampuni ilete matokeo ya uchimbaji wa majaribio kabla ya kibali. Ikigundua sumu baada ya kibali itarudi kuomba ipunguziwe masharti mengine, na kwa kawaida la kwanza kuachwa ni lile la kuwasaidia wapangaji waliohamishwa.

Ungeniuliza ni hali gani ingenibadilisha mawazo, nitakujibu waziwazi. Kama daftari lenu litaonyesha kwamba karibu majengo yote yamekufa kweli, yalitangazwa kwa bei ya haki na hakuna aliyejitokeza, kama Hadfields baada ya 1983. Kama kituo cha treni au mabasi makubwa kipo au kinajengwa kwa fedha iliyokwishatengwa. Na kama tathmini ya mtu asiyelipwa na kampuni itaonyesha kwamba maduka ya katikati ya mji yatahimili, basi ningeunga mkono mradi, hata mkubwa. Sina mapenzi na mabati yenye kutu. Ninachokipenda ni jiji linaloweza kujitengenezea vitu vyake.

Ikifika mahali pa kukubaliana, kila ahadi iingie kwenye mkataba wenye nguvu ya sheria. Fedha za kuwahamisha wapangaji ziwekwe kwenye akaunti maalumu kabla nyundo ya kwanza haijapigwa. Nafasi mpya za karakana, za pango wanaloliweza, zikamilike kabla za zamani hazijabomolewa, kama taka za Arsenal zilivyotanguliziwa kituo chao. Ujenzi ugawanywe kwa awamu, na awamu ya pili isianze kabla ya kwanza haijapata wapangaji. Na kibali kiwe na kikomo: ikipita miaka iliyotajwa bila kujengwa, ardhi irudi kwenye matumizi yake ya viwanda. Kikomo ndicho wanachokipinga kwa nguvu kuliko vyote, na ndicho kitakachokuonyesha kama wamekuja kujenga au wamekuja kupandisha bei ya kiwanja.

Kikaoni utapewa dakika chache, pengine tatu. Usizitumie kueleza yote haya. Peleka daftari la karakana likiwa na nakala ya kila diwani, pamoja na barua mbili tatu za wateja wao, hospitali ikiwezekana. Uliza swali la siku za uwanja na swali la majengo matupu, kisha uombe uamuzi uahirishwe mpaka majibu yaletwe kwa maandishi. Wakikataa kuahirisha, mwombe diwani wenu atoe hoja kura ipigwe kwa vipande, ukanda wa mbele peke yake na sehemu ya karakana peke yake. Mzungumzie hilo kabla ya siku ya kikao, kwa sababu katika halmashauri nyingi hoja ya namna hiyo hutakiwa kuwasilishwa mapema kwa katibu, na ukisubiri mpaka ukumbini utaambiwa muda umepita.